Uchunguzi wa Mtoto Aliyeathiriwa na Pombe Tumboni: Mwongozo Kamili wa Kutambua FASD

Pombe anayokunywa mama mjamzito hupita kwenye kondo la nyuma na kuingia katika damu ya kijusi, ambacho ini lake bado lina uwezo mdogo sana wa kuivunja. Madhara yanayoweza kufuata, kuanzia kasoro za maumbile hadi matatizo ya kujifunza yasiyoonekana kwa macho, hukusanywa chini ya jina moja la wigo wa madhara ya pombe kwa kijusi, ambalo kitaalamu hufupishwa FASD. Paul Lemoine na wenzake wa Nantes, Ufaransa, waliyaeleza madhara hayo mwaka 1968 baada ya kuwachunguza watoto 127, na mwaka 1973 Kenneth Jones na David Smith wa Seattle, Marekani, wakaipa hali hiyo jina lililoenea duniani.

Maelezo hayo ya mwanzo yalijikita katika sura ya mtoto, na sura ndiyo iliyobaki vichwani mwa watu. Kwa maoni yangu, makosa mengi ya uchunguzi huanzia hapo. Wengi wa wenye FASD hawana sura hiyo kamili, kwa sababu uso wa kijusi huanza kujengwa katika kipindi kifupi cha mwanzo wa ujauzito, ilhali ubongo hujengwa tangu majuma ya kwanza hadi siku ya kuzaliwa. Mtoto ambaye mama yake alianza kunywa sana katika mwezi wa sita anaweza kuwa na uso wa kawaida kabisa na bado ubongo wake ukawa umeumia. Hakuna kipimo cha damu wala picha moja ya ubongo inayothibitisha FASD; utambuzi hujengwa kwa kuunganisha ushahidi wa aina kadhaa, na mwongozo huu unatoa nafasi kubwa zaidi kwa ushahidi wa aina mbili unaoamua kesi nyingi, yaani historia ya unywaji na utendaji wa ubongo.

Umeandikwa kwa ajili ya daktari, muuguzi, mwanasaikolojia na ofisa wa ustawi wa jamii wanaofanya kazi pamoja, ingawa mzazi au mlezi anayetaka kujua mtoto wake atafanyiwa nini ataweza kuufuata bila shida.

Hatua ya kwanza: kuamua nani achunguzwe

Mtoto apelekwe kwenye uchunguzi kamili ikiwa kuna taarifa za kuaminika kwamba mama alikunywa pombe wakati wa ujauzito na mtoto ana tatizo lolote la ukuaji, tabia au masomo. Ikiwa ana alama za usoni zitakazoelezwa hapa chini, hata kama hakuna anayejua chochote kuhusu pombe. Au ikiwa ndugu yake wa tumbo moja ameshatambuliwa kuwa na FASD. Watoto wanaolelewa nje ya familia zao za kuzaliwa wanastahili jicho la pekee, kwa kuwa sababu zilizowatenganisha na wazazi mara nyingi zinahusiana na ulevi.

Dalili zinazomleta mtoto kwa mtaalamu hubadilika kulingana na umri. Mtoto mchanga hunyonya kwa shida, hulala vipande vipande na hushtuka kwa sauti au mwanga mdogo. Kabla ya umri wa shule huchelewa kusema, hana utulivu, na huwaendea watu asiowajua bila woga wowote. Shuleni mwalimu hulalamika kwamba mtoto aliyejua hesabu ya kujumlisha Jumatatu ameisahau Jumatano, kisha Ijumaa anaijua tena. Katika ujana hudanganywa kirahisi na wenzake, hurudia kosa lilelile muda mfupi baada ya kuadhibiwa, na hupoteza fedha na wakati bila kujua vimekwendaje. Hakuna hata moja kati ya dalili hizi inayotosha peke yake, na zote zinaweza kutokana na mambo mengine. Kazi yake ni kufungua uchunguzi tu.

Hatua ya pili: kuchagua vigezo na kubaki navyo

Kuna mifumo kadhaa ya vigezo inayotumika duniani, na haikubaliani katika kila jambo. Chuo Kikuu cha Washington kilitoa mfumo wa tarakimu nne, ambao humpa mtoto alama kati ya 1 na 4 katika kila moja ya sehemu hizi: ukuaji, uso, mfumo wa fahamu na pombe, hivyo mtoto asiye na tatizo lolote hupata 1111 na aliyeathirika kupindukia hupata 4444. Vigezo vya Marekani vinavyofahamika kwa jina la Hoyme vilitolewa mwaka 2005 na kuhuishwa mwaka 2016. Kanada ilitoa mwongozo wake mwaka 2005 na kuurekebisha mwaka 2016, na mwongozo wa Scotland wa mwaka 2019 umejengwa juu ya huo wa Kanada.

Tofauti hizi zina uzito. Hoyme anahesabu jicho kuwa fupi likiwa katika pasentaili ya 10 au chini yake, yaani likiwa miongoni mwa macho kumi mafupi zaidi katika kila mia ya watoto wa umri huo, ilhali Kanada inataka liwe katika pasentaili ya 3 au chini. Kanada imeondoa udumavu wa mwili katika vigezo vyake, wakati Hoyme ameubakiza. Mtoto mmoja anaweza kupata jina la ugonjwa kwa mfumo mmoja na akalikosa kwa mwingine. Kwa hiyo timu ichague mfumo mmoja, iutaje ndani ya ripoti, na isichanganye kigezo cha huku na cha kule ili kupata jibu linalotakiwa. Anayeanza, nadhani ataona mfumo wa Kanada ni mwepesi kufuata kwa sababu una majina machache ya mwisho, na ndio ninaoutegemea zaidi katika hatua zifuatazo.

Hatua ya tatu: kupata historia ya unywaji

Hii ndiyo hatua inayoharibika kwa urahisi kuliko zote. Mama anayeulizwa "Ulikunywa pombe ulipokuwa mjamzito?" mbele ya mume, mkwe na foleni ya wagonjwa atajibu hapana, na jibu hilo litaandikwa kwenye faili kana kwamba ni ukweli uliothibitishwa. Mahojiano yafanyike faraghani, yafanywe na mtu mmoja mwenye subira, na yaanze na mambo mengine ya ujauzito kama vile kichefuchefu, dawa, lishe na homa, ndipo yafikie pombe.

Njia inayofaa ni kuanza na kipindi cha kabla ya mama kujua kwamba ni mjamzito. Kipindi hicho hakimtii hatiani, na mara nyingi ndicho chenye unywaji mkubwa. Mhoji anaweza kusema: "Mama, wanawake wengi hugundua ujauzito baada ya majuma kadhaa. Kabla hujagundua, siku zako za mapumziko zilikuwaje? Ulikuwa ukitumia kinywaji gani, na kwa kawaida ulimaliza kiasi gani?" Akishajibu, ndipo aulizwe kilichobadilika baada ya kugundua. Swali linalotaka kiasi hupata jibu zuri kuliko swali linalotaka ndiyo au hapana, na jibu la "kidogo tu" lisipokewe hivyo hivyo. Kidogo ni chupa ngapi, ya ukubwa gani, mara ngapi kwa juma, na ilikuwa hivyo hadi mwezi wa ngapi?

Kuna madodoso mafupi yaliyojaribiwa yanayoweza kusaidia, kama vile AUDIT-C yenye maswali matatu, T-ACE yenye maswali manne na TWEAK yenye matano. T-ACE ina ujanja wa kupendeza: huuliza mama huhitaji vinywaji vingapi ndipo ajisikie amechangamka, na anayetaja zaidi ya viwili huwa ameonyesha uzoefu wa mwili wake kwa pombe bila kuulizwa hasa anakunywa kiasi gani.

Kiasi kigeuzwe kuwa gramu za pombe halisi, kwa sababu kipimo kimoja cha kinywaji si sawa kila mahali: Marekani ni gramu 14, Australia gramu 10, Uingereza gramu 8. Hesabu yake ni rahisi. Chukua ujazo kwa mililita, zidisha kwa asilimia ya pombe, gawanya kwa 100, kisha zidisha kwa 0.79. Chupa ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina takribani gramu 20, ambazo ni vipimo viwili vya Australia au kimoja na nusu hivi cha Marekani. Kinywaji kisicho na lebo hakiwezi kuhesabiwa hivyo. Hapo andika chombo kilichotumika, mara alizokunywa na jinsi mama alivyokuwa baada ya kunywa, yaani kama alilewa, alianguka, au alisahau yaliyotokea usiku huo.

Kwa vigezo vya Hoyme vya mwaka 2016, pombe huhesabiwa imethibitishwa ikiwa mama alikunywa vipimo sita au zaidi kwa juma kwa muda wa majuma mawili au zaidi, au vipimo vitatu au zaidi kwa mkupuo mmoja katika nyakati mbili au zaidi, au ikiwa kuna kumbukumbu za matatizo ya kijamii au ya kisheria yaliyotokana na ulevi karibu na wakati wa ujauzito. Viwango hivi ni vya utambuzi tu. Havimaanishi kwamba kiasi kilicho chini yake ni salama, kwani hakuna kiasi cha pombe kinachojulikana kuwa salama kwa kijusi.

Mama akiwa hayupo au amefariki, ushahidi utafutwe kwa waliomwona: baba, bibi wa mtoto, shangazi, jirani aliyeishi naye, kadi ya kliniki ya ujauzito, kumbukumbu za uzazi, ripoti za polisi au za ustawi wa jamii. Aliyemwona mama akinywa akiwa na tumbo ni shahidi. Aliyesikia kwamba "yule mama alikuwa mlevi" si shahidi wa ujauzito huu. Umaskini, mtaa anaotoka na maisha aliyoishi mama si ushahidi hata kidogo. Mwisho, tofautisha maneno mawili katika faili: "hakunywa", ambalo ni jibu lenye chanzo, na "haijulikani", ambalo ni ukosefu wa jibu.

Vipimo vya maabara vinasaidia katika dirisha dogo la muda. Kinyesi cha kwanza cha mtoto mchanga kinaweza kuonyesha mabaki ya pombe ya nusu ya pili ya ujauzito, na kemikali inayoitwa PEth katika damu huonyesha unywaji wa majuma machache yaliyopita. Kwa mtoto wa miaka saba vipimo hivi havina kazi tena.

Ikiwa mahojiano yataonyesha kwamba mama bado anakunywa sana, asiambiwe tu aache kuanzia leo. Aliyezoea pombe nyingi kila siku anaweza kupata degedege au kuchanganyikiwa akiacha ghafla, kwa hiyo aachishwe chini ya uangalizi wa daktari. Hilo ni muhimu maradufu ikiwa ana ujauzito mwingine.

Hatua ya nne: ukuaji na mwili kwa jumla

Pima uzito, urefu na mzingo wa kichwa, na ulinganishe na chati za umri na jinsia. Tafuta pia vipimo vya kuzaliwa na vya kliniki ya watoto, kwa sababu mtoto aliyezaliwa mdogo anaweza kuwa amefikia wenzake baadaye. Mzingo wa kichwa ndio wenye thamani kubwa kuliko vyote hivi, kwa kuwa kichwa kidogo huashiria ubongo usiokua vizuri. Utepe upite juu kidogo ya nyusi na kwenye sehemu ya kisogo iliyochomoza zaidi, upimwe mara tatu, na kipimo kikubwa kichukuliwe.

Sikiliza moyo, kwani matundu kati ya vyumba vya moyo huonekana kwa baadhi ya watoto hawa. Angalia macho, masikio, viungo na mistari ya viganja. Mtoto apimwe kuona na kusikia kabla ya kwenda kwa mwanasaikolojia. Inasikitisha kuona mtoto ameandikiwa udhaifu wa lugha kumbe masikio yake hayasikii.

Hatua ya tano: kupima uso

Alama kuu za usoni ni tatu: uwazi mfupi wa macho, kijifereji kilicho kati ya pua na mdomo kinapokuwa kimesawazika, na mdomo wa juu mwembamba. Alama nyingine, kama pua fupi au uso bapa katikati, huonekana pia lakini hazihesabiwi.

Kupima jicho kunahitaji rula ya plastiki ndogo na inayoonyesha upande wa pili, yenye milimita zilizo wazi. Mtoto akae kichwa kikiwa wima, mpimaji akae mbele yake macho yao yakiwa usawa mmoja, kisha mtoto aelekezwe kutazama juu kwa macho tu bila kuinua kidevu, ili jicho lifunguke na pembe zake zionekane. Rula isogezwe karibu kabisa na jicho bila kugusa kope, ifuate mkunjo wa shavu, na isomwe kutoka pembe ya ndani hadi pembe ya nje. Rula ikishikwa mbali, jicho litaonekana fupi kuliko lilivyo. Pima macho yote mawili, na mtu wa pili arudie bila kuambiwa jibu la kwanza, kwa sababu kosa la milimita moja au mbili linatosha kumtoa mtoto katika hali ya kawaida na kumtia katika pasentaili za chini. Mtoto anayelia au kusinzia asipimwe siku hiyo.

Mdomo na kijifereji hulinganishwa na picha za mwongozo wa ngazi tano, ambapo ngazi ya 1 ni mfereji wenye kina na mdomo mnene, na ya 5 ni ngozi iliyosawazika kabisa na mdomo mwembamba sana. Ngazi ya 4 na ya 5 ndizo zinazohesabiwa. Midomo iwe imefungwa kwa utulivu, mtoto asitabasamu, kwani tabasamu hunyoosha ngozi na kumfanya mtoto wa kawaida aonekane kama aliyeathirika. Watoto hutabasamu wanapoona kamera, na jambo hili dogo huharibu picha nyingi. Picha zikipigwa, bandika mviringo mdogo wa karatasi wenye kipenyo kinachojulikana kwenye paji la uso, ili urefu uweze kukokotolewa baadaye.

Tahadhari ya pekee inahitajika katika uchaguzi wa chati. Maumbile ya macho na midomo hutofautiana kati ya watu wa asili mbalimbali. Chuo Kikuu cha Washington kwa mfano kina mwongozo mmoja wa picha za mdomo kwa watu wenye asili ya Ulaya na mwingine kwa Wamarekani wenye asili ya Afrika. Mtoto kutoka jamii yenye midomo minene akilinganishwa na mwongozo usio wake, mdomo wake uliopungua unaweza kuonekana wa kawaida, na hivyo akakosa utambuzi anaoustahili. Pale ambapo chati inayofaa haipo, linganisha pia na wazazi na ndugu, na uandike chati iliyotumika.

Alama hizi zinaweza kufifia kuanzia ujana, kwa hiyo kijana au mtu mzima aombwe picha zake za utotoni, hasa zile ambazo hatabasamu.

Hatua ya sita: kupima utendaji wa ubongo

Mwongozo wa Kanada hugawa kazi za ubongo katika maeneo kumi: stadi za mwendo, umbo la ubongo na shughuli zake za umeme, akili ya jumla, lugha, ufaulu wa masomo, kumbukumbu, umakini, uwezo wa kupanga mambo na kujizuia, udhibiti wa hisia, na stadi za maisha ya kila siku pamoja na kuhusiana na watu. Ili FASD itambuliwe, angalau maeneo matatu yawe yameathirika vibaya, maana yake matokeo yawe mikengeuko sanifu (kipimo cha jinsi alama za watoto zinavyotawanyika kuzunguka wastani) miwili au zaidi chini ya wastani. Katika vipimo vingi wastani ni 100 na mkengeuko sanifu ni 15, hivyo mpaka ni alama 70.

Kazi hii haiwezi kufanywa na mtu mmoja. Mwanasaikolojia hupima akili, kumbukumbu, umakini na uwezo wa kupanga. Mtaalamu wa tiba ya lugha na matamshi hupima anavyoelewa na anavyojieleza. Mtaalamu wa tiba kwa vitendo hupima mikono, mizani ya mwili na hisia. Mwalimu huleta daftari na maelezo ya darasani. Na mlezi hujibu dodoso la maisha ya nyumbani. Palipo na wataalamu wachache, waliopo wapime maeneo wanayoyamudu na ripoti iseme wazi ni maeneo gani hayajapimwa. Eneo lisilopimwa lisihesabiwe kuwa zima wala kuwa limeathirika.

Wengi wenye FASD hawana ulemavu wa akili kwa maana ya alama za chini ya 70, na hapa ndipo wanapopotea. Chukua mfano wa msichana wa miaka tisa mwenye alama 84 za akili. Anazungumza vizuri, anamsalimia daktari kwa adabu, na kila mtu anamwona hana tatizo. Lakini akiambiwa, "Vua viatu, weka mkoba mezani, kisha lete kikombe," anavua viatu na kusimama katikati ya chumba. Kipimo chake cha stadi za maisha ni 63, cha kupanga na kujizuia ni 66, na cha kumbukumbu ya maneno ni 68. Maneno yake mengi yanaficha uelewa mdogo, na pengo kati ya anachojua na anachoweza kukifanya bila kusimamiwa ni mojawapo ya sifa za hali hii zinazosaidia sana. Mpimaji aliyeishia kwenye alama za akili angemrudisha nyumbani kama mtoto mvivu.

Katika chumba cha upimaji kilicho kimya, mtu mmoja akimwelekeza mtoto hatua kwa hatua, umakini huonekana bora kuliko ulivyo darasani. Ndiyo maana maelezo ya mwalimu na mlezi yana uzito sawa na alama za vipimo, hata kama hayana tarakimu. Vipimo vyenyewe vifanywe katika lugha ambayo mtoto anaimudu, na pale ambapo kipimo kilisawazishwa kwa watoto wa jamii nyingine, alama zake zisomwe kwa hadhari.

Picha ya MRI si lazima kwa kila mtoto. Inafaa pale ambapo kichwa ni kidogo, kuna kifafa, au kuna dalili za mishipa ya fahamu. Inaweza kuonyesha kasoro katika daraja la nyuzi linalounganisha nusu mbili za ubongo, lakini picha safi haifuti FASD.

Hatua ya saba: kutafuta maelezo mengine

Kila ushahidi ulioukusanya unaweza kuwa na chanzo kingine. Uso unaofanana na wa FASD hupatikana katika hali kadhaa za kurithi, zikiwemo zile za Williams, Cornelia de Lange, Noonan, na ile ya upungufu wa kipande cha kromosomu ya 22. Dawa za kifafa alizotumia mama, hasa valproate na phenytoin, na uvutaji wa toluini iliyomo kwenye gundi na vimumunyisho vya rangi vinaweza kuacha alama zinazokaribiana nazo. Mtoto mwenye kasoro nyingi za maumbile au historia ya ugonjwa kama huo katika ukoo apelekwe kwenye kipimo cha kromosomu, hata kama mama amekiri kunywa, kwani hali mbili zinaweza kukaa kwa mtoto mmoja.

Kwa upande wa ubongo, chunguza upungufu wa madini ya chuma, tezi ya shingo, sumu ya risasi, utapiamlo, kuzaliwa kabla ya wakati, maambukizi ya ubongo, na majeraha ya kichwa. Kupuuzwa na kupigwa utotoni huathiri umakini na hisia kwa namna inayofanana sana na pombe, na mara nyingi vyote viwili vimempata mtoto yuleyule. Hapo usilazimike kuchagua kimoja. Andika vyote na uzito wa kila kimoja. Vilevile mtoto mwenye usonji au tatizo la umakini na utukutu asiondolewe kwenye uchunguzi kwa sababu tayari ana jina la ugonjwa, kwa kuwa takribani nusu ya wenye FASD wana tatizo hilo la umakini pia.

Hatua ya nane: kufikia uamuzi

Timu ikae pamoja, kila mmoja asome matokeo yake kabla ya kusikia maoni ya mwingine, kisha maswali matatu yajibiwe kwa zamu: je, pombe imethibitishwa, je, alama zote tatu za usoni zipo, je, maeneo matatu au zaidi ya ubongo yameathirika vibaya?

Kwa mfumo wa Kanada, mwenye alama zote tatu za usoni na maeneo matatu yaliyoathirika hutambuliwa kuwa na FASD yenye alama za usoni, hata kama historia ya pombe haijulikani. Asiye na alama zote tatu lakini mwenye maeneo matatu yaliyoathirika na pombe iliyothibitishwa hutambuliwa kuwa na FASD isiyo na alama za usoni; kwa huyu, bila uthibitisho wa pombe hakuna utambuzi. Mtoto mdogo sana ambaye hawezi kupimwa maeneo yote, lakini ana alama tatu za usoni na kichwa kidogo, anaweza kutambuliwa mapema. Mwenye pombe iliyothibitishwa na dalili ambazo hazijafikia kiwango huwekwa katika kundi la walio hatarini, akapangiwa kurudi. Yule msichana wa miaka tisa, mama yake akiwa amethibitisha kunywa hadi kulewa kila mwisho wa juma katika miezi mitano ya kwanza, anaingia kundi la pili moja kwa moja, ingawa hakuna mtu angemnyooshea kidole kwa sura yake.

Ushahidi usipotosha, andika kwamba haujatosha. Jina la FASD linamgusa mama pia, na halifutiki kirahisi.

Hatua ya tisa: kuwaeleza wahusika na kuandika ripoti

Mama aelezwe peke yake kwanza, na daktari aliyemhoji, kwa lugha isiyo na lawama. Wengi walikunywa bila kujua kuwa ni wajawazito, na wengine walikuwa wagonjwa wa pombe. Kusema ukweli kwao ndiko kulikowezesha utambuzi, na waambiwe hivyo. Mlezi na mwalimu waelezwe baadaye kwa ruhusa, wakiambiwa zaidi kile mtoto anachohitaji kuliko kile mama alichofanya. Kijana mwenyewe aambiwe kwa kadiri ya umri wake kwamba ubongo wake hufanya kazi kwa namna tofauti na kwamba hakuichagua.

Ripoti itaje mfumo wa vigezo, chanzo cha historia ya pombe, chati zilizotumika, alama za kila eneo na maeneo yasiyopimwa, kisha igeuze kila udhaifu kuwa agizo linalotekelezeka. Kumbukumbu dhaifu iwe agizo moja kwa wakati mmoja, likiambatana na picha. Udhaifu wa kujizuia uwe usimamizi wa mtu mzima njiani na kwenye fedha. Stadi za maisha za chini ziwe hoja ya kuomba msaada maalumu shuleni, kwa sababu alama za akili peke yake zitamnyima.

Wadogo zake wachunguzwe pia, na mama apewe rufaa ya huduma ya kuacha pombe na ya uzazi wa mpango akiitaka. Mtoto aliye katika kundi la walio hatarini apangiwe tarehe ya kurudi kabla hajaondoka, hasa anapokaribia kuanza shule na tena anapoingia ujanani, na aliyepata utambuzi apimwe upya stadi za maisha anapokaribia utu uzima, wakati ambapo huduma za watoto hufungwa na zile za watu wazima hudai karatasi mpya.